Jeki na stendi za kufanyia kazi pikapu nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye pikapu, au gari lolote la juu lenye chesisi (fremu ya chuma inayobeba bodi), ambaye ameamua kazi ndogondogo azifanye mwenyewe: kubadilisha pedi za breki, kufungua shokomzoba, kumwaga mafuta ya difu (sanduku la gia lililo katikati ya ekseli), kuhamisha matairi ya mbele yaende nyuma. Nazungumzia magari yenye uzito wa tani moja na nusu hadi tatu yakiwa tupu. Lori kubwa lina vifaa vyake na linahitaji sakafu ya gereji.

Je, jeki peke yake haitoshi? Ni kazi ya dakika kumi tu.

Haitoshi, hata kwa dakika moja, kama sehemu yoyote ya mwili wako itaingia chini ya gari. Jeki kazi yake ni kunyanyua, na stendi kazi yake ni kubeba. Ndani ya jeki ya mafuta, uzito wote wa gari umezuiliwa na sili ya mpira na gololi ndogo iliyokaa kwenye tundu la vali. Chembe moja ya mchanga ikiingia kati ya gololi na tundu lake, mafuta yanarudi kwenye tangi na gari linashuka. Likishuka polepole utapata muda wa kutoka. Sili ikipasuka hupati. Stendi haina mafuta wala mpira. Ni chuma kimekalia chuma.

Ndiyo maana mtu akiniambia hela yake inatosha kitu kimoja tu kwa sasa, namwambia aanze na stendi. Jeki iliyokuja na gari, ile ndogo ya kubadilishia tairi, inachosha mkono, lakini ina uwezo wa kulinyanyua gari mpaka stendi ziingie. Jeki nzuri inaweza kusubiri mwezi ujao.

Ninunue jeki ya tani ngapi?

Kwa pikapu ya kawaida, tani 3. Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua pikapu yenye tani 2 ikiwa tupu. Injini iko mbele, kwa hiyo mbele kuna kama kilo 1,100 hadi 1,200 na nyuma kilo 800 au 900. Ukinyanyua mbele yote kwa pamoja, jeki inabeba hizo 1,200. Ukinyanyua gurudumu moja, inabeba karibu nusu yake. Kwa hesabu hiyo jeki ya tani 2 ingetosha, na kwa uzito peke yake kweli inatosha.

Ila jeki ya tani 3 ina mambo mengine yanayokuja na ukubwa wake. Msingi wake ni mpana zaidi, mpini ni mrefu, magurudumu ni makubwa, na mara nyingi inapanda juu zaidi. Hayo ndiyo unayoyalipia. Usinyanyue gari likiwa na mzigo nyuma: shusha saruji, shusha madumu ya maji, kisha ndipo uanze.

Nimenunua jeki ya tani 3 na bado tairi haliachi ardhi. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Uliangalia tani, hukuangalia kimo. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwa watu wenye magari ya juu, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Ukinyanyua gari kwa kushika chesisi, gurudumu halipandi papo hapo. Springi, zilizokuwa zimebanwa na uzito wa gari, zinaanza kujinyoosha, na tairi linabaki chini wakati bodi inapanda. Chukua futi ya kupimia uone mwenyewe. Tuseme chesisi yako iko sentimita 45 kutoka ardhini. Springi zinajinyoosha sentimita 12 kabla tairi halijaanza kuelea, na wewe unataka nafasi ya sentimita 5 chini ya tairi ili uweze kulitoa na kulirudisha. Jumla ni sentimita 62. Jeki nyingi za magurudumu (zile ndefu zinazosukumwa chini ya gari) za tani 3 zinaishia kati ya sentimita 45 na 50. Hiyo jeki itagusa chesisi, itapiga pampu mara chache, basi.

Ukinyanyua kwa kushika ekseli ya nyuma mambo yanabadilika kabisa. Pikapu nyingi nyuma zina ekseli nzima iliyo kama bomba, na gurudumu limefungwa humo humo. Ekseli ikipanda sentimita moja, tairi nalo linapanda karibu hivyo hivyo. Kwa tairi la 265/70R16, lenye kimo cha karibu sentimita 78, upande wa chini wa bomba la ekseli unakuwa kama sentimita 33 hadi 35 kutoka ardhini. Ukipandisha sentimita 7, kazi imekwisha. Jeki ile ile iliyoshindwa kwenye chesisi inatosha vizuri hapa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kununua chochote, pima vitu vitatu na uandike kwenye karatasi: kimo cha bomba la ekseli, kimo cha chesisi mbele, na kimo cha chesisi nyuma. Kimo cha mwisho cha jeki kimeandikwa kwenye kibandiko chake. Zipo jeki za magurudumu zilizotengenezwa kwa ajili ya magari ya juu, zenye kichwa cha kuongezea au mkono mrefu, zinazofika sentimita 60 na zaidi.

Tena, kumbuka kipimo cha chini. Tairi likiisha upepo, ekseli inashuka sentimita kumi na kitu, na jeki ya chupa (ile fupi inayosimama wima kama chupa) yenye kimo cha sentimita 23 ikiwa imefungwa inaweza kukataa kuingia.

Naweza kuongeza kipande cha mbao juu ya jeki ili kifike?

Juu ya kichwa cha jeki, hapana, isipokuwa kipande chembamba cha kuzuia mkwaruzo. Gogo refu juu ya jeki linageuka kuwa mguu wa pili usioshikwa na chochote. Kichwa cha jeki ya magurudumu hakipandi wima. Kinapanda kwa kuchora tao, kikisogea mbele au nyuma kadiri mkono unavyonyanyuka. Gogo linainama pamoja nacho, kisha linaruka. Kama ni lazima kuongeza kimo, ongeza chini ya jeki yote, kwa jukwaa la mbao nene zilizopigwa misumari, pana kuliko jeki na lenye nafasi ya magurudumu yake kutembea.

Jeki ya magurudumu au jeki ya chupa?

Kwa nyumbani penye sakafu ya zege, ya magurudumu. Inaingia kirahisi, inasimama kwa upana, na mpini wake mrefu unakuweka nje ya gari wakati wa kunyanyua na kushusha. Jeki ya chupa inapanda wima, ina nguvu nyingi kwa umbo dogo, na chini ya ekseli inafanya kazi nzuri sana. Shida yake ni kitako. Kitako cha upana wa kiganja kimebeba tani nzima, na gari likisogea kidogo tu jeki inalala. Ibebe ndani ya gari kwa dharura za njiani. Mimi ninazo zote mbili, na ya chupa haijawahi kubeba gari kwa muda mrefu kuliko ule wa kusukuma stendi mahali pake.

Chuma au alumini?

Kama utaibeba na kuiweka garini mara kwa mara, alumini inaokoa mgongo. Jeki ya chuma ya tani 3 inaweza kufika kilo 35 na zaidi. Kama itakaa pale pale pembeni ya ukuta, nunua ya chuma.

Stendi za tani ngapi, na kwa nini zile kubwa?

Soma kwanza kilichoandikwa. Watengenezaji wengine wanaandika uwezo wa stendi moja, wengine uwezo wa jozi. "Tani 3" ya jozi maana yake kila stendi ni tani moja na nusu. Bado inatosha kwa pikapu tupu, lakini ujue umenunua nini.

Hata hivyo, kama ilivyo kwa jeki, kinachoamua zaidi ni kimo. Stendi za kawaida za tani 3 zinaanzia karibu sentimita 29 na kuishia 42 hivi. Zinafaa chini ya ekseli. Za tani 6 zinaanzia karibu 39 na kufika 61, na miguu yake imetanuka zaidi. Kwa kazi za springi, shokomzoba au bushi, ambapo ekseli lazima iachwe ininginie huru, stendi zinakaa chini ya chesisi, na hapo zile za tani 3 ni fupi. Mwenye pikapu anayenunua jozi moja tu ningependa achukue za tani 6, hata kama uzito wa gari lake hauzihitaji. Akipata nafasi aongeze jozi ya tani 3 kwa kazi za breki na matairi.

Angalia pia kichwa cha stendi. Kilichokunjwa kama V kinakumbatia bomba la ekseli vizuri, ila chini ya chesisi bapa kinagusa kwa ncha mbili tu. Kipande cha mpira mgumu kilichokatwa kwa umbo lake kinasaidia kuzuia kuteleza.

Za meno, za pini au za skrubu?

Za meno ndizo nyingi: unavuta nguzo juu, kikomeo kinaingia kwenye jino. Ni za haraka, na zikitengenezwa vizuri ni salama. Udhaifu wake ni pale kikomeo kinapoingia nusu jino. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliagiza zirudishwe kutoka sokoni stendi zake za chapa ya Pittsburgh za tani 3 na tani 6, takriban milioni 1.7, kwa sababu mitambo ya kutengenezea ilikuwa imechakaa na vikomeo havikuwa vinashika meno kwa kina kinachotakiwa. Miezi michache baadaye, baadhi ya stendi zilizotolewa badala yake nazo ziliagizwa zirudishwe kwa kasoro ya weldingi.

Hilo halimaanishi uziogope zote. Linamaanisha uinamie kila stendi, kila mara, na uangalie kwa macho. Vuta nguzo hadi kimo unachotaka, achia mkono wa kikomeo, kisha sukuma nguzo chini kwa kiganja kwa nguvu. Kikomeo kinatakiwa kilale chote kati ya jino na jino, na mkono wake uwe umeshuka kabisa. Stendi nyingine zina pini ya pili ya usalama inayopita kwenye nguzo, ikiwepo, iingize. Gari likishakaa, inama tena uangalie.

Za pini tupu ni za polepole kwa sababu matundu yana umbali wa sentimita kadhaa, lakini pini nene iliyopita pande zote mbili inaonekana wazi. Sharti pini iwe ile ile iliyokuja nayo, si bolti uliyookota. Za skrubu ni nzuri kwa kurekebisha kimo kidogo kidogo.

Matofali ya saruji, mawe, au rimu kuukuu zilizopangwa je?

Tofali la saruji, hasa lile lenye matundu, limetengenezwa kubeba uzito uliotandazwa juu ya ukuta. Uzito wa gari unalishukia mahali pamoja, na saruji haipindi kwanza ndipo ivunjike. Inapasuka ghafla, yote. Nawaomba, kama mmezoea hivyo, acheni leo. Mawe yanateleza, rimu zinabiringika. Mbao ngumu nene, zilizopangwa kwa kukingamana tabaka juu ya tabaka, ndizo pekee za kuaminika kama huna stendi ya kufika, kwa sababu mbao hulia na kubonyea kabla hazijashindwa.

Niweke jeki wapi, na stendi wapi?

Kitabu cha gari lako kina mchoro wa sehemu za kunyanyulia. Uufuate huo kwanza. Kwa jumla, nyuma ni kwenye bomba la ekseli karibu na springi inapofungwa. Katikati ya difu baadhi ya magari yanaruhusu, ila lazima kichwa cha jeki kishike chuma kizito cha nyumba ya difu, si kifuniko chake. Kile kifuniko ni bati, kikibonyea mafuta yanaanza kuvuja.

Mbele ni chesisi yenyewe au krosmemba nene (chuma kinachounganisha pande mbili za chesisi). Usishike sampu (bakuli la mafuta ya injini), rodi za stelingi, wala bati la chini ya rejeta.

Kabla hujapeleka stendi chini ya ekseli, pitisha vidole juu ya bomba lake. Utakuta paipu nyembamba ya breki, unene wa kalamu, imelala pale na kushikwa kwa vibanio vidogo. Nyingine zinazunguka hadi mbele ya bomba. Stendi ikiibana, hutaona kitu siku hiyo. Utaona siku utakayokanyaga breki.

Uwanja wangu ni udongo na changarawe.

Jeki ya magurudumu inahitaji kutembea sentimita chache wakati inanyanyua, kwa sababu ya lile tao. Kwenye changarawe magurudumu yake yanazama, hayatembei, na badala yake kichwa kinaburuta gari au kinachomoka. Tandaza plaiwudi nene ya milimita 18 au zaidi, vipande viwili vikubwa, na bati la chuma chini ya stendi. Hata lami si ya kuaminiwa wakati wa jua kali. Miguu ya stendi inaizamia taratibu, mmoja zaidi ya mwingine. Mteremko, hata mdogo, usitumie.

Nimevuta handibreki na kuingiza gia. Kabari za nini tena?

Nilikuwa na imani hiyo hiyo. Siku moja nilikuwa nataka kutoa tairi la nyuma kulia, gia ya kwanza imeingia, handibreki ilikuwa imelegea nami nilijua, nikasema gia itashika. Tairi lilipoachana na ardhi, nikaliona linaanza kuzunguka lenyewe kurudi nyuma, polepole, kama linasukumwa na mtu. Sikuelewa. Sekunde iliyofuata gari lilikuwa limekwenda mbele hatua moja, na jeki imelala ubavu. Nilikuwa nimesimama pembeni, na namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo.

Kilichotokea ni difu. Gia ilizuia propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye difu) isizunguke, lakini difu ya kawaida inaruhusu gurudumu moja lizunguke mbele huku lingine likizunguka nyuma, shafti ikiwa imetulia. Ukinyanyua gurudumu moja tu, la upande wa pili liko huru kubiringika. Handibreki nayo kwa magari mengi inashika magurudumu ya nyuma tu, kwa hiyo ukinyanyua nyuma yote, hakuna kinachoshika kilichogusa ardhi. Magari ambayo handibreki yake inashika shafti, kama Land Rover Defender za zamani, yana tabia ile ile iliyonikuta.

Kwa hiyo weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, pande zote mbili. Za mpira mzito ni bora kuliko za plastiki nyepesi. Kipande cha mbao ngumu kilichokatwa mshazari kinafaa pia.

Naweza kunyanyua magurudumu yote manne?

Unaweza, ukiwa na sakafu ngumu iliyo sawa na stendi nne zinazofanana. Anza na nyuma kwa kimo cha chini, kisha mbele. Wakati mbele inapanda, chesisi inainama kidogo na stendi za nyuma zinaweza kuegemea. Rudi nyuma uhakikishe miguu yote minne ya kila stendi imekanyaga. Kama kazi yako haihitaji magurudumu yote, usifanye.

Nitajuaje kuwa gari limekaa sawa kabla ya kuingia?

Legeza nati za magurudumu nusu mzunguko gari likiwa bado chini, ili usije ukavuta spana kwa nguvu likiwa juu. Shusha gari juu ya stendi taratibu, kisha simama pembeni na usukume bodi kwa mikono yote miwili, mbele na nyuma, kushoto na kulia, kwa nguvu kuliko utakayoitumia ukiwa chini. Kama kuna kitu cha kuanguka, kianguke sasa. Kisha rudisha jeki mpaka iguse tu, bila kubeba, na uiache hapo. Gurudumu ulilotoa lilaze chini ya chesisi. Na mwambie mtu aliyepo nyumbani kwamba unaingia chini.

Jeki iliyotumika ni salama kununua?

Ikijaribiwa, ndiyo. Itumie kunyanyua gari kidogo tu juu ya ardhi, weka alama kwa chaki kwenye mkono wake, subiri dakika kumi. Ikishuka, sili au vali imechoka. Angalia nguzo ya pistoni: iwe inang'aa, bila kutu wala mikwaruzo. Geuza mpini kufungua vali. Gari linatakiwa kushuka kwa utii, si kudondoka. Kwa stendi, pita na kucha kwenye weldingi kutafuta nyufa, na ukikuta mguu uliopinda au meno yaliyoviringika, ziache. Mguu ulionyooshwa kwa nyundo haurudi kuwa ule wa mwanzo.

Jeki yangu inapanda kwa kurukaruka na haifiki juu. Imekufa?

Mara nyingi ni hewa tu, au mafuta yamepungua. Ikiwa haina mzigo, fungua vali ya kushushia, piga pampu mara kumi na tano au ishirini, kisha mkono ukiwa umeshuka kabisa fungua kizibo cha mafuta uache hewa itoke. Ongeza mafuta ya haidroliki ya jeki hadi usawa ulioandikwa kwenye kitabu chake. Mafuta ya breki usiyaguse kabisa: yanavimbisha na kuharibu sili za jeki, na baada ya hapo utanunua sili mpya au jeki mpya. Ukimaliza, ihifadhi mkono ukiwa chini ili pistoni ibaki ndani ya mafuta, mbali na unyevu, na tia tone la grisi kwenye ekseli za magurudumu yake, maana hayo yakikwama ndipo jeki inapoacha kutembea chini ya gari.